Ng'ambo ni Upande Gani

Kumbukumbu za Bunge zilifika na meli, wiki tano baada ya kikao,
zimefungwa kwa kamba ya nailoni.
Niliikata kwa kisu cha siagi, pale maktaba ya Jamestown,
nikaketi kusoma jinsi tulivyojadiliwa.

Alhamisi, alasiri. Waheshimiwa kumi na wanane ukumbini,
wawili nadhani walisinzia,
maana majina yao hayatokei mpaka wakati wa kura.
Mmoja aliuliza, "Watu hawa ni wangapi?"
Akajibiwa: elfu tano na ushei.
"Na wakija wote?"
Karani hakuandika kimya, ila mimi nilikisikia,
baina ya mstari na mstari.
"Watakaa wapi?"
Hakuna aliyeuliza sasa tunakaa wapi.

Halafu kile kifungu kidogo, herufi zake kama chawa:
raia wa maeneo tegemezi ya ng'ambo.
Nikaenda dirishani na neno hilo mdomoni.
Mbele yangu bahari, nyuma ya bahari ukungu.
Ng'ambo ni kule. Ng'ambo ni wao.
Hakuna binadamu anayeamka asubuhi
akajikuta ng'ambo, kitandani mwake.

Bi Muriel Crowie alikuja kurudisha riwaya mbili.
Nikamwambia, wametubadilisha jina.
"Mimi?" akasema. "Mimi niliyewafungia barua?"
Kweli. Miaka kumi na tisa kiwanda cha katani,
vidole vimechanjwa na nyuzi kama ubao wa jikoni.
Kila gunia la posta la kule, kila kifurushi cha Krismasi,
fundo lilikuwa letu.
Kisha wakaipata nailoni.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi jembe tulikabidhiwa gatini, siku ya kwanza,
kabla hata ya maji ya kunywa.
Karne tatu tunalima,
na kamati bado inahesabu kama siku ya tatu imetimia.

Wenzetu wa kusini, kwenye kondoo wengi kuliko watu,
walipewa uraia kamili, baada ya mizinga.
Sisi hatukuvamiwa na mtu.
Hilo ndilo kosa letu.

Bi Muriel alisafiri mara moja, bintiye Verna alipojifungua.
Alishuka Southampton na jodari wa kukaanga ndani ya bati,
akapangwa foleni ya *Wengineo*,
chini ya picha ileile ya malkia iliyoko sebuleni kwake.
"Utakaa muda gani?"
"Mpaka mtoto aote meno."
Wakamgongea miezi mitatu.
Jino lilitoka mwezi wa saba. Aliarifiwa kwa barua.

Miaka ikaenda na waraka, na waraka juu ya waraka,
kamati, kamati ndogo, *suala hili linatazamwa*.
Linatazamwa na nani? Nilifungua kila bahasha.
Nilizeeka nikiwapanga kwa tarehe kwenye rafu.

Siku sheria iliporudishwa, kengele ziligongwa bondeni
na watoto walikimbia ngazi mia sita tisini na tisa
kwenda kuwaambia waliokaa juu, ambao walishasikia redioni.
Mimi sikukimbia. Magoti.

Pasipoti ya Bi Muriel ilikuja mwezi wa Novemba.
Macho yake yalikuwa yamekwisha, akaniomba nimsomee.
Nilisoma: raia. Hakusema kitu.
Nilisoma jina.
"Soma tena."
Crowe, nikasema. Wameandika Crowe.

Alicheka mpaka akakohoa.
Kijana wa ofisi ya uhamiaji akawahi kutuonya:
kitabu hiki ni mali ya serikali,
si ruhusa kuandika ndani yake.

Akaomba kalamu.
Nikamshika mkono, nikamwonyesha pengo kwa ncha ya ukucha,
naye, polepole, akaichomeka herufi yake mahali pake,
nyembamba, imepinda kidogo,
kama uzi wa katani.