Uliye Mbali na Macho Yangu

Saa kumi na moja alfajiri, Bloomsbury.
Nazima mashine ya kupigia deki
mbele ya kabati la vigae.

Si vigae. Ni barua.
Udongo wa kukaa kiganjani, umedonolewa kwa ncha ya tete
hadi ukawa kama tope walipopita chiriku.
Kadi inasema: wafalme kwa Farao, jiji la Akhetaten,
jiji lililojengwa mbio, likahamwa mbio,
na barua zikabaki. Nani ahame na udongo?

Salamu kwanza. Hata wao!
Mimi sijambo, wake zangu hawajambo,
farasi wazima, magari ya vita salama,
hofu ni kwako.
Nikacheka peke yangu na ufagio.
Ndivyo alivyotufunza mwalimu Bikombo, Wete, darasa la tano:
anwani kulia, salamu, ndipo dhumuni.

Na dhumuni, wee, dhumuni ni dhahabu.
Kwenu inazolewa njiani, ndugu yangu, mbona wanipimia?
Ile ya juzi niliiyeyusha, haikujaa kisahani.

Simu yatetema. Shaame:
*Shikamoo dada. Sisi wazima, hofu kwako.
Upepo umeng'oa bati la jikoni. Tuma chochote,
huko kwenu hakikosekani.*

Ya kuzolewa nayajua mimi.
Yamo humu ndooni: nywele za watalii,
tikiti za treni, kifungo kimoja cha koti.

Lakini rafu ya chini kuna hii.
Mfalme wa Babeli aliuliza: dada yangu uliyemwoa, yu hai?
Wajumbe wangu walionyeshwa mwanamke amesimama,
amevaa, amepambwa, kimya.
Hakuna aliyeweza kuapa kuwa ni yeye.

Mama hupiga kila Ijumaa.
*Mize, washa picha nikuone.*
Mtandao mbovu, mama. Niko kikaoni, mama.
Mwaka wa sita huu anaongea na kioo cheusi.
Juzi aliniuliza jina la yule mbuzi wetu mwenye pembe moja,
akacheka, eti utani.
Nilimjibu upesi mno, kama mtu anayehojiwa.

Nafuta kioo cha kabati.
Uso wangu umetua juu ya mwandiko:
kofia ya plastiki, macho ya kukesha,
beji yenye jina lililokosewa herufi.

Kwao jua limeshapanda.
Napiga. Nawasha picha.
Salamu kwanza.