Foleni ya Silaha, Nansio

Saa mbili asubuhi, nyuma ya kituo cha polisi,
kivuli cha ukuta chembamba kama mkanda wa suruali.
Tumejipanga ndani yake, kila mtu na chake kifuani:
mmoja kaifunga kwa kitenge,
mwingine kwa gunia la dagaa, inanuka dagaa hadi mtutuni,
mimi kwa shuka la kitanda cha baba.

Sifa zinaanza kabla ya karani kufika.
Mzee Lukumbuzya wa Irugwa, yake ni ya Kicheki.
"Miaka thelathini na moja haijaninyima moto.
Ilizama mtumbwini, nikaikung'uta maji,
nikavuta komeo, nikasukuma,
ikasema."
Anausugua mpini wa komeo kwa kidole gumba
kama mtu anayemkuna mbuzi wake sikioni.

"Lako laini," anakubali Magesa. "Langu linakula mchanga.
Punje moja tu ya pale Bukindo, linakwama nusu njia,
na kiboko hangoji upulize."
Anaonyesha kwa mkono mtupu: juu, nyuma, mbele, chini.
Naangalia foleni nzima. Vidole vya wote vinacheza,
juu, nyuma, mbele, chini,
hata vya yule kiziwi wa mwisho.

Ndipo wakafika kwenye teke.
Kuhusu teke hakuna mwenye aibu.
"Mimi ilinivunja mtulinga wiki ya harusi," anasema Kahindi.
"Picha ipo. Bwana arusi, mkono umening'inizwa
kwa kitambaa cha kijani."
"Na mnyama?"
"Mnyama nilimkosa."
Wakacheka mpaka askari wa zamu akachungulia dirishani.

"Na hiyo yako, binti?"
Nina miaka arobaini na sita. Nikasema:
ni ya marehemu, nimekuja kuirudisha.
Wakanyamaza kidogo, wakaitazama shuka.

Ningeweza kuwaambia habari za Zakaria, fundi wa Kirumba,
aliyemshonea baba mashati kwa miaka ishirini
na kila shati akaweka sponji bega la kulia,
tabaka mbili, hata shati la kanisani.
Suti ya kuzikiwa tuliagiza kwake kwa simu.
Hakuna aliyemwambia kitu. Mkono wake ulishazoea.
Tukamzika baba bega moja limeinuka,
kama anayetaka kuuliza jambo.

Lile jingine siwezi kulisema hapa,
hatua kumi kutoka meza ya sajenti.
Mwezi wa nne, usiku, mpunga unatafunwa,
nasikia meno yake, yale mapana, hayana haraka.
Baba kitandani, mguu hauinuki.
Kibali kina jina lake. Begani hapana jina.
Juu, nyuma, mbele, chini.
Nikailenga mbingu.
Sikusikia mlio; nilisikia ardhi ya shamba mgongoni
na mdomo umejaa ladha ya sarafu.
Kiboko akarudi majini bila kukimbia.
Kupitia ukuta wa udongo, sauti ya mgonjwa:
"Hukuikaza begani."
Basi. Hakuniuliza kingine, hadi alipokufa.

Wiki mbili nilibeba ndoo kwa mkono wa kushoto.
Bega lilikuwa zambarau, likawa kijani, likawa la njano,
nikawa nalifungua usiku kulitazama.

"Namba inayofuata."
Sajenti anavuta komeo; linateleza bila neno.
Anafumba jicho, anachungulia mtutu hadi mwangani,
ananusa.
"Imetumika lini mara ya mwisho?"
"Mzee aliugua tangu mwaka jana," nikasema,
na hilo si uongo.
Akanitazama. Akageuza daftari upande wangu.
Nikahamishia mkoba bega la kushoto,
nikatia sahihi.