Tundu la Pumzi

Ilizima Kangagani, ikazima tena Mzambarauni,
pikapu ya Shaame, magunia ya mwani mgongoni.
Kila ikizima hufungua kifuniko cha tangi:
fyuuu,
kama mtu aliyemeza neno msibani.
Kisha inawaka, mpaka mlima wa pili.

Wete, fundi Asaa kajilaza chini yake
juu ya kanga kuukuu. "Mafuta yamo.
Pampu nzima. Kilokufa ndo hiki, tizama":
kijibomba cha plastiki, kimekatika shingo,
tope limekaa kooni.
"Tangi hunyonywa huku, lazima livute upepo kule.
Likikosa, hujikaba."

Spea iko Unguja, labda Alhamisi.
Akakata vali ya tyubu ya baiskeli,
akaing'oa moyo, akaivika mpira wa dripu
uliosalia tangu babake alazwe Mkoani.
Shaame alishika tochi, hakuuliza.
Sigara aliipachika sikioni, haijawashwa.

Chake, mbele ya mizani ya mnunuzi,
alifungua kifuniko kwa mazoea.
Kimya.
Tangi halikuwa na la kusema.
Yeye ndiye aliyeshusha pumzi,
ndefu, mpaka mnunuzi akageuka.