Hamsini na Tatu

Bango limefika kutoka halmashauri,
rangi ya kijani: wastani, hamsini na tatu.
Mwalimu mkuu kalipigilia ukutani,
palepale penye ufa.

Nami, wa taaluma, nikashika daftari la mahudhurio
nimtafute huyo Hamsini na Tatu.
Dawati kwa dawati.
Hayupo.

Yupo Mwanaheri, tisini na moja,
babaye karani bandarini Tanga,
tuisheni kila jioni, daftari limevalishwa gazeti.
Yupo Ntahondi wa kambi ya mkonge, kumi na tano,
aliyeingia mtihani umeshaanza,
vidole vimechomwa miiba,
na wiki ya pili ndipo akaniuliza:
"Mwalimu, kumbe karatasi ilikuwa na upande wa nyuma?"

Wajumlishe, gawa kwa mbili:
Pongwe tumefaulu.

Mkaguzi akija atakunywa chai,
atalisifu bango.
Nitamwazima rula ya ubaoni, ile iliyovunjika ncha,
apime kutoka dawati la mbele hadi la nyuma.
Kwa miguu yangu ni hatua sita.
Kwa alama, sabini na sita,
na rula yetu inaishia thelathini.