Pembezoni mwa Fomu

Kila Jumanne, saa mbili asubuhi, hapa Nukus,
upepo wa chumvi ukikwaruza vioo vya dirisha,
Biybisara huvua glavu, hufungua skafu,
hunipa mikono yote miwili
kama mtu anayerudisha deni.

Namulika taa. Nakagua.
Viganja: vikavu. Miguu: magamba, kama ya samaki
wa ile bahari iliyotuhama kabla sijazaliwa.
Uso: wiki ya nne, wekundu wa chai;
wiki ya nane, kahawia;
wiki ya kumi na mbili, tofali lililokaa mno motoni.

Fomu inauliza: athari ya ngozi?
Ndiyo.
Fomu inauliza: daraja?
Sifuri, hakuna. Moja, kidogo.
Mbili, inasumbua. Tatu, alazwe.
Nne, roho iko mlangoni.
Tano, tunaomba sahihi ya ndugu.

Naandika moja.
Hawashwi. Hatoki damu. Anatembea.
Kanuni ni kanuni.

"Moja," anasema. Miezi mitatu imemfundisha
kuzisoma karatasi zangu kichwa chini, kutoka upande wake wa meza.
"Moja ni kitu gani, Ayzada?
Mwanangu alilia nilipombeba.
Muuza mikate, tuliyecheza naye utotoni,
aliniuliza kwa Kirusi natoka nchi gani.
Mama mkwe alilitenga bakuli langu la chai
nilipokuwa nikikohoa. Nikasema haya.
Sasa sikohoi.
Bakuli bado liko peke yake."

Sikuwa na kisanduku cha bakuli.

Lakini makohozi yake yamesafika.
Daktari Perdebay ameinamia darubini mara tatu
akiwasaka wale vijidudu, hakumpata hata mmoja.
Na huyu aliingia humu ana kilo thelathini na tisa,
mapafu yametobolewa kama sweta lililoliwa na nondo.
Kaka yake tulimpa zile sindano za zamani:
zilimla masikio kwanza,
kisha zikamwacha afe katika kimya.
Hivi vidonge vipya vinafanya kazi.
Nitalisema hilo mbele ya yeyote.
Nataka tu nafasi ya kusema na lile jingine.

Ripoti ya nusu mwaka ikaja, imepigwa chapa safi:
*Dawa ilivumilika vyema.*
Nililisoma neno hilo nimesimama, koti bado mwilini.
Ilivumilika.
Na nani?
Wanaosema mvumilivu hula mbivu
hawakutaja atakula na nani,
wala katika bakuli lipi.

Basi Jumanne iliyofuata niliandika pembezoni,
mahali pasiporuhusiwa hata nukta:
*Hakwenda harusi ya mdogo wake.
Aliitazama kwenye simu,
kamera yake ameiziba kwa kidole gumba.*

Mkaguzi alifika Machi, mtu mpole,
viatu vyake vinaogopa matope yetu.
Alipekua kurasa mia mbili, akatua hapo hapo.
"Hii si data," alisema, karibu kwa huruma.
"Ikate. Mstari mmoja tu.
Usifute, usipake rangi nyeupe.
Kilichokuwa chini lazima kiendelee kusomeka.
Kisha sahihi, na tarehe."

Nikachukua rula.
Mstari mmoja. Herufi zangu mbili. Tarehe kumi na nne.
Chini ya mstari, kidole gumba bado kimeziba kamera.

Leo Biybisara amekuja si Jumanne,
hana miadi, hana glavu, amebeba mkate wa moto.
Ameinama, amelikunja sikio lake la kushoto:
nyuma yake, padogo kama ukucha wa mtoto,
ngozi yake ya zamani inarudi.

"Andika," anasema. "Hiyo nayo ni daraja gani?"

Fomu yake ilifungwa wiki iliyopita.
Nimetafuta kalamu hivyo hivyo.