Tundu

Karani hakunitazama. Alisoma barua
ya kurasa mbili, neno "umevuliwa" mara tatu,
kama kwamba uraia ni kanzu
na mimi nimesimama Wete, mchana kweupe,
na utupu wangu.

"Babu yako alitoka wapi?"
Alipotoka sijui. Alipoingia najua:
kaburi la tatu, nyuma ya msikiti, Mtemani.

Nilizaliwa msimu wa karafuu nyingi.
Mkunga, Bi Mize Khatoro, hakuwa na kalamu;
aliandika siku yangu ukutani, kwa masizi.
Masika yakauangusha ukuta.
Shahidi wangu ni udongo.

Akakitia kitambulisho
kwenye kile kidude cha kutobolea karatasi.
Ka!
Tundu likapita jicho la kushoto.

"Una siku tisini. Rudi kwenu."

Nikainama, nikakiokota kile kiduara,
kidogo kama kichwa cha karafuu,
nikakitia mfukoni kisije kukanyagwa.
Kisha nikatii amri ya serikali:
nikarudi kwetu.
Dakika kumi kwa miguu, kwa njia ya Jadida.
Asaa yuko uani, anageuza karafuu jamvini.
"Mbona umechelewa?" akaniuliza.