Hatua za Corinne

Saa moja asubuhi, Fresno tayari inachemka.
Nimefunga mapazia, nimejaza jagi barafu,
nimemwambia Marlene kwenye simu: leo usije,
leo ni siku ya Corinne Ashbury,
filamu sita mfululizo hadi usiku wa manane.
"Mama, zote umeshaziona."
Sijaziona, mwanangu. Nilizisikilizisha.

Mtangazaji ana tai ya kipepeo na meno mapya.
Kabla ya kila filamu anatuingiza jikoni,
anatufunulia vyungu:
kwamba ile theluji ya Duluth ilikuwa sabuni ya unga,
farasi akapiga chafya hadi akarudishwa zizini;
kwamba Lyle Brannock, simba wa jangwa,
alimfikia Corinne kidevuni,
basi kila busu alipandishwa juu ya kreti la machungwa;
kwamba yule mbwa mwaminifu walikuwa wawili,
mmoja wa kukimbia, mmoja wa kuhuzunika,
na wa kuhuzunika ndiye aliyelipwa zaidi.

Nacheka peke yangu. Kweli tupu.
Mbwa wa huzuni alimeza soksi ya mwongozaji.

Ila sabuni haina sauti, bwana mwenye tai.
Ile chakari-chakari ya Corinne akivuka uwanja
kumfuata mume asiyegeuka nyuma
ni mimi, katika chumba kisicho na dirisha,
nikikanda mfuko wa ngozi uliojaa wanga,
macho kwenye skrini, pumzi nimeibana,
na Otis Pruitt kando yangu
akiubembeleza mlango mkongwe ulie kwa zamu
kana kwamba ni mtoto mwenye homa.

Kofi la filamu ya tatu: pande la ini juu ya meza.
Jioni tulilikaanga na vitunguu.
Mvua ya filamu ya nne: maharage makavu kwenye ungo.
Moto ulioteketeza hoteli: makaratasi ya peremende,
nikiyafinya taratibu mbele ya maikrofoni.
Mji mzima umeungua viganjani mwangu
na sikupata hata lengelenge.

Na lile busu.
Picha ni yao, na kreti lao.
Sauti ni yangu: nilibusu mgongo wa mkono wangu
mara kumi na moja, hadi fundi mitambo akaridhika.
Mkono mtupu haulambwi, husema watu.
Mimi niliulamba kwa dola tisa kwa siku,
Otis akitazama dari, masikio yamemwiva.
Ilimchukua miaka mitatu
kuuliza kama mkono ule una mwenyewe.

Ndio huu, umeshika rimoti,
una madoa kama ndizi iliyosahauliwa.
Masikio anayo Marlene.

Filamu ya tano imenipita nikisinzia.
Nimeamka majina yakipanda:
wa kofia, wa nywele, wa taa, hata mwenye farasi.
Sisi tulikuwa "Idara ya Sauti," basi.
Sikasiriki. Mtu akishaijua hatua kuwa ni yako,
kazi imeharibika.

Saa sita kasoro robo. Ya mwisho.
Corinne anaondoka; ukumbi mrefu, sakafu ya marumaru
(mbao, asema mwenye tai, zilizopakwa rangi usiku kucha).
Nimezima sauti.
Nimetoa kabatini viatu vyeusi, namba saba.
Mguu wa kushoto umegoma, nimeuingiza kwa mpini wa kijiko.
Nimesimama kwenye vigae vya jikoni,
mkono mmoja umeshika friji,
na Corinne aliponyanyua kisigino, nami nikanyanyua.

Ko. Ko. Ko.
Kumi na moja, kisha kituo.
Hageuki, lakini hapo nilikwaruza soli kidogo,
ukubwa wa kucha tu,
na hapo ndipo kumbi nzima zilikuwa zikilia.
Goti lauma. Ko. Ko.

Huko chini Bwana Hagopian ameamka,
anaupiga ufagio darini, mara moja, kwa hasira, *bu!*
sawasawa na Corinne alipofunga mlango.

Hata Otis asingeupatia vile.